Mfuko wa seli shina, kansa ya ovari, na ile "sifuri" ya maabara

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54, alifanyiwa upasuaji wakasema ni kansa ya ovari stage 3C, akapiga kemo sita za kaboplatini na paklitakseli, CA-125 (kile kipimo cha damu cha kufuatilia kansa) ikashuka mpaka 18 tukashukuru Mungu. Miezi 14 tangu kemo ya mwisho tumbo limeanza kujaa tena kidogo, CA-125 ni 240 na CT skani imeonyesha vivimbe viwili kwenye nyonga. Kuna mtu anaunganisha wagonjwa na hospitali nje ya nchi, anasema watamtoa mama seli shina, wampige kemo kali sana halafu wamrudishie seli zake. Kaka yangu kasoma kwamba seli hizo zinaweza kuwa na kansa ndani yake. Tukamuuliza yule mtu, akasema wana kipimo kinachoonyesha kama ni sifuri, na isipokuwa sifuri wanazisafisha kwa malipo ya ziada. Baba anataka kuuza kiwanja cha Kibaha. Je, hicho kipimo kinaaminika? Na zikionekana seli za kansa ndo basi tena?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa kuuguza. Nimesoma swali lako mara mbili, nakwambia kaka yako kauliza swali ambalo maprofesa waligombana nalo miaka ya tisini yote, kwa hiyo asijione mjinga wala asikubali kunyamazishwa na mtu wa kukata tiketi. Nitakujibu kwa urefu kidogo maana hapa kuna mambo mawili yamefungwa kwenye kifurushi kimoja. Kuna swali la kipimo, halafu kuna swali ambalo hukuuliza, yaani je hii tiba yenyewe inamfaa mama? Nianze na ulilouliza.

Kwanza tuweke sawa seli shina, zile seli mama zinazozaa damu, zinafanya nini hapa, kwa sababu watu wengi wakisikia "kupandikizwa seli shina" wanadhani ni seli za ajabu zinazoenda kupigana na kansa. Hapana. Pia wengine wanachanganya na wale watoto wa selimundu wanaopandikizwa uloto (ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu) pale hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, wale wanapewa uloto wa ndugu, ndo tiba yenyewe, damu mpya inatoka kwa mtu mwingine. Kwa mama yako zinazozungumzwa ni seli zake mwenyewe, na kazi yake ni moja tu, kumwokoa asife kwa dawa. Chukulia mkulima ana shamba limevamiwa na magugu sugu akaamua alichome lote mpaka udongo uungue, kabla hajawasha moto anachota mbegu anaziweka darini, moto ukizima anazirudisha shambani. Moto ndo kemo ya dozi kubwa, mara nyingi dawa kama melfalani au kaboplatini yenyewe kwa kiwango ambacho uloto wa kawaida haungefufuka. Mbegu za darini ndo seli shina. Mbegu haziui gugu hata moja.

Zinavunwaje? Mgonjwa anachomwa sindano za G-CSF siku kadhaa, hizo zinafanya seli shina zitoke kwenye uloto ziingie kwenye damu, kisha anaunganishwa na mashine inayozungusha damu masaa matatu manne hivi, inachuja tabaka moja tu na kumrudishia nyingine. Kinachobaki ni mfuko wa kitu chekundu chekundu kama juisi ya ukwaju iliyokolea. Maabara wanahesabu seli zenye alama ya CD34, ndo seli shina zenyewe, wanataka angalau milioni 2 kwa kila kilo ya mgonjwa, wakipata milioni 5 wanafurahi. Wanachanganya na dawa inaitwa DMSO ili barafu isizipasue, zinagandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Siku ya kurudishiwa chumba kizima kinanuka kama kitunguu saumu, hiyo ni DMSO inatoka kwenye pumzi ya mgonjwa, ndugu wakiingia wanaulizana nani kala nini.

Sasa wasiwasi wa kaka. Kama mgonjwa ana kansa na sisi tunachota kwenye damu yake, si tunaweza kuchota na kansa? Ndiyo, inawezekana kabisa. Yaani kwenye mbegu za darini kukawa na mbegu za magugu. Tena kuna kundi la madaktari wa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1994 walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa kansa za uvimbe, zile kemo na sindano zinazotoa seli shina kwenye damu huwa zinatoa na seli za kansa pia, hasa kwa wale ambao uloto wao ulishaingiliwa. Kwa kansa ya ovari hatari hiyo inategemewa kuwa ndogo ukilinganisha na kansa ya matiti, kwa sababu ovari ina tabia yake ya kutambaa ndani ya tumbo, inaangusha seli kwenye utando wa tumbo na mafuta ya utumbo zaidi kuliko kusafiri kwa damu. Ndogo lakini ipo, zimeshaonekana.

Zinaonekanaje? Hapa nikae kidogo maana ndipo hiyo "sifuri" inapozaliwa.

Seli za ovari, kama zilivyo seli za ngozi na za utando wa ndani wa viungo, zina protini inaitwa saitokeratini, ni kama boriti za nyumba yake. Seli za damu hazina. Kwa hiyo mtu wa maabara anachukua sehemu ndogo ya mfuko, anazitandaza seli kwenye kioo, anamwagia kingamwili zinazonasa saitokeratini tu, halafu kimeng'enya kinacholeta rangi nyekundu. Nilipokuwa najifunza kazi hii nilikaa kwenye darubini asubuhi mpaka mchana kwa mgonjwa mmoja, unaona bahari ya vitone vya bluu, seli laki tano kwenye kioo kimoja, unasogeza unasogeza, shingo inakauka, halafu mara paap, kitu chekundu. Moyo unaruka. Nikamwita mwalimu wangu, mama mmoja mtaratibu sana, akaangalia sekunde tano akasema "hiyo plazma seli, endelea". Plazma seli ni seli ya damu ya kawaida kabisa ila ndani yake ina kimeng'enya kile kile tunachotumia kuleta rangi, kwa hiyo isipozimwa vizuri inajipaka nyekundu yenyewe. Mchana huo huo nikapata nyingine, hii ina umbo la bapa kama kigae, kumbe ni seli ya ngozi iliyochukuliwa na ncha ya sindano ilipopenya mkononi. Ina keratini tele, lakini si kansa. Ndo maana waangalifu wanamwaga ile damu ya kwanza ya sindano. Nakusimulia haya ujue kwamba hata ile "tumeziona" inahitaji jicho la mtu aliyezeeka kwenye kazi, mashine peke yake haitoshi.

Njia ya pili ni PCR, ndiyo hiyo hiyo mliyopimwa nayo corona, ila hapa wanatafuta ujumbe wa jeni la saitokeratini 19 au protini nyingine za aina hiyo. Ni kali kuliko darubini lakini ukali wake ndo shida yake, kwa sababu seli za damu za kawaida nazo huwa zinavujisha ujumbe huo kidogo kidogo, na PCR haina haya, inakuza kila kitu. Unapata majibu "ipo" kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kansa. Wenzetu wa kansa za damu wana bahati, limfoma fulani ina jeni lililokatika likaungwa mahali pasipo pake, muhuri kabisa, ukiuona umeuona. Ovari haina muhuri mmoja wa wote. Ile kansa ya ovari ya kawaida zaidi karibu kila mgonjwa ana hitilafu kwenye jeni la TP53, utafiti mkubwa wa Marekani wa 2011 ulikuta asilimia 96, lakini kila mgonjwa imeharibika mahali pake, kwa hiyo inabidi umtengenezee kila mtu kipimo chake.

Njia ya tatu ni kuzipanda kwenye chakula cha maabara uone kama zinaota. Hii naipenda kwa sababu inauliza swali la maana: seli hii iko hai? Ina uwezo wa kuzaa? Maana nyingi zinazokamatwa kwenye mfuko zilishapigwa na kemo za mwanzo, zimejikunyata, na kugandishwa na kuyeyushwa kunazimaliza nyingine. Ila inachukua wiki kadhaa na isipoota hujui kama ni kwa sababu hazipo au hazikupenda chakula.

Turudi kwenye sifuri. Umewahi kuchambua chuya kwenye mchele? Chukua gunia la mchele, chota konzi moja tandaza kwenye ungo, umekosa chuya. Utamwambia mwenye gunia hakuna chuya humu? Utasema konzi niliyoangalia haina. Basi maabara nayo ni hivyo hivyo, haiwezi kuangalia mfuko mzima kwa sababu ikiangalia mfuko mzima hakuna cha kumrudishia mgonjwa. Mfuko wa mtu mzima unaweza kuwa na seli kama bilioni 20. Tuseme kweli kuna seli moja ya kansa kwenye kila milioni. Ukiangalia seli milioni moja, kuna nafasi kama asilimia 37 kwamba hutaona hata moja, si kwa uzembe, ni hesabu tu ya bahati. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuona angalau moja, uangalie milioni tatu, yaani vioo sita vya laki tano tano. Na hata ukiangalia hizo milioni tatu ukakuta sifuri, unachoweza kusema kwa haki ni kwamba pengine hazizidi moja kwa milioni. Sasa moja kwa milioni kwenye bilioni 20 ni ngapi? Elfu ishirini. Kwa hiyo huyo bwana akikwambia sifuri, jibu sahihi ni "sifuri kwenye seli ngapi mlizoangalia?" Akishindwa kukutajia namba hajui anachouza.

Na kusafisha? Kupo, na si kiini macho. Wanapitisha seli kwenye sumaku, seli za CD34 zinavishwa vishanga vidogo vya chuma, sumaku inazishika, nyingine zote zinapita zinaenda na maji. Inapunguza seli za kansa mara mia mpaka mara elfu kadhaa. Haifiki sifuri hapo pia. Na ina gharama yake kwa mwili, unapoteza sehemu ya seli shina zenyewe na unatupa karibu askari wote wa kinga waliokuwa kwenye mfuko, ndo unakuta mgonjwa anachelewa kujenga kinga na virusi vinamsumbua miezi.

Lakini je, kusafisha kulisaidia watu waishi zaidi? Hilo ndo swali, na lilijaribiwa vizuri kwenye mayeloma, kansa inayokaa kwenye uloto, ambayo mifuko yake huwa imechafuka kuliko ya ovari. Wagonjwa 190 waligawanywa kwa kura, nusu wakarudishiwa seli zilizosafishwa nusu za kawaida, matokeo yakatoka 2001. Mifuko ilisafishika kweli, kansa ndani yake ikapungua sana. Wagonjwa wakaishi sawa sawa. Hakuna tofauti. Sikuzote nikifika hapo kwenye kufundisha wanafunzi wananiangalia kama nimewaibia, maana kila mtu anategemea mfuko msafi uzae mgonjwa mzima.

Kwa nini haikusaidia? Simaanishi seli zilizorudishwa hazina madhara kabisa. Mwaka 1993 Malcolm Brenner na wenzake kule Memphis, Marekani, walifanya kitu cha akili sana kwa watoto wenye leukemia (kansa ya damu), waliziwekea alama ya jeni seli za uloto kabla ya kuwarudishia, halafu wakasubiri. Baadhi ya watoto kansa ikarudi na seli za kansa zikakutwa zina ile alama. Yaani zilitoka kwenye mfuko, hakuna ubishi. Kwa hiyo kaka yako yuko sahihi, mfuko unaweza kuchangia kurudisha ugonjwa. Swali ni kuchangia kiasi gani ukilinganisha na kilichobaki mwilini.

Tufanye hesabu ya mama. Uvimbe wa sentimita moja tu, kama punje ya njegere hivi kubwa kidogo, kwa makadirio ya siku nyingi ya madaktari una seli kama bilioni moja. Mama ana viwili na sijui ukubwa wake. Tuseme ile kemo kali inaua seli 9,999 katika kila 10,000, hiyo ni kazi nzuri mno, kwenye kila bilioni moja bado zimebaki laki moja, ziko hai, zimeshazoea kemo, na ziko nyumbani kwake kwenye utando wa tumbo ambako zimejenga. Sasa weka pembeni zile elfu ishirini za mfukoni, nyingi zimechoka, zinaingizwa kwenye mshipa zinapelekwa kwenye mapafu, mahali ambapo seli ya ovari kwa kawaida haistawi. Unaona mwenyewe mzigo uko wapi. Na ukiangalia wagonjwa wa ovari waliopata tiba hii, ugonjwa uliporudi ulirudi zaidi tumboni na kwenye nyonga, pale pale ulipokuwa. Kama mfuko ndo ungekuwa chanzo kikubwa tungetegemea mapafu na mifupa vilalamike kwanza. Si ushahidi wa kufunga kesi ila mimi unanitosha.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, "zikionekana ndo basi tena?", jibu ni hapana. Kuonekana kwa seli kwenye mfuko mara nyingi ni kama kuona moshi, inakwambia huyu mgonjwa ugonjwa wake umeenea zaidi au haujaitikia dawa vizuri. Si hukumu. Ila pia "sifuri" si cheti cha kupona, na hapo ndo nakasirika na huyo mtu wenu kwa sababu anawauzia usafi wa ndoo wakati bomba ndo limepasuka.

Haya, sasa lile ambalo hukuuliza.

Kemo ya dozi kubwa na kurudishiwa seli shina kwa kansa ya ovari ya kawaida, ile inayoota kwenye utando wa nje, ilijaribiwa kwa nguvu sana miaka ya tisini Marekani na Ulaya. Mantiki yake ilikuwa tamu, kama dozi ndogo inapunguza basi dozi kubwa itamaliza. Ujerumani wakafanya jaribio la kura kwa wanawake 149 waliokuwa wanaanza tiba, wakatoa matokeo 2007. Waliopata kemo ya kawaida nusu yao waliishi kuvuka miezi 62.8, waliopata dozi kubwa na seli shina nusu yao walivuka miezi 54.4. Kitakwimu hizo namba ni sawa, usije ukasema dozi kubwa iliwaua, lakini faida haikuonekana, na mateso yalikuwa makubwa zaidi, vidonda vya mdomo, homa, kuongezewa damu kila mara. Toka hapo hospitali zinazofuata miongozo ziliacha kuitumia kwa kansa hii nje ya utafiti. Ndo maana ukitafuta maandiko ya hivi vipimo vya seli za kansa kwenye mifuko ya ovari utakuta mengi ni ya zamani. Hayakuachwa kwa sababu kipimo kilishindwa, yaliachwa kwa sababu safari yenyewe ilifutwa.

Na nikukumbushe kitu kingine, hiki kilitokea huku huku Afrika. Mwaka 1999 daktari Werner Bezwoda wa Johannesburg alisimama mbele ya mkutano mkubwa wa madaktari wa kansa Marekani akasema wagonjwa wake wa kansa ya matiti wamefaidika sana na dozi kubwa, wakati majaribio mengine makubwa hayakuonyesha watu kuishi zaidi. Wakaguzi wakaenda kuangalia mafaili mwanzoni mwa 2000, wakakuta udanganyifu, chuo chake kikamfukuza. Kuna wanawake walipitia tiba ile nzito kwa sababu walikuwa wanaamini. Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anauza dozi kubwa kwa maneno matamu bila karatasi, masikio yananisimama.

Kuna kundi moja nisilitupe kapu moja na haya. Kansa za ovari zinazotokana na seli za mayai yenyewe, hizi huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, ni ndugu wa kansa ya korodani ya wanaume. Kwa korodani iliyorudi, dozi kubwa na seli shina inaponya kweli, kule Indiana, Marekani, walitoa taarifa 2007 ya wagonjwa 184 ambapo 116 ugonjwa uliisha na haukuwa umerudi mpaka wakati wa kuandika. Kwa wasichana wenye aina hiyo ya ovari iliyorudi, tiba hii inazungumzika kwenye vituo vyenye uzoefu. Mama ana miaka 54 na alipewa paklitakseli, karibu hakika yake ni ile ya kawaida, lakini usinisikilize mimi, tafuta karatasi ya majibu ya nyama iliyokatwa kwenye upasuaji, soma jina la aina ya kansa lililoandikwa pale. Hiyo karatasi ni ya kwanza kabla ya paspoti.

Sasa habari ambayo nadhani hamjaambiwa. Miezi 14 ni habari nzuri ndani ya habari mbaya. Kansa ikirudi baada ya zaidi ya miezi 6 toka dawa za platini kama kaboplatini, kwa kawaida bado inazisikia hizo dawa. Maana yake mama ana nafasi nzuri ya kuitikia tena kaboplatini ikichanganywa na dawa nyingine, na hiyo inatolewa hapa nyumbani, hospitali ya kansa ya Ocean Road kwa mfano, bila kuuza kiwanja. Hawatakuahidi kuponya, na mimi sikuahidi, kansa ya ovari iliyorudi mara nyingi tunaishika, tunaipunguza, tunampa mtu muda wa kuishi vizuri, na muda huo unaweza kuwa miaka.

Ulizeni kuhusu upasuaji wa pili pia. Kuna jaribio la Ulaya na China la wanawake 407 waliorudiwa na ugonjwa baada ya miezi 6 na zaidi, waliofanyiwa upasuaji kisha kemo nusu yao walivuka miezi 53.7 na waliopewa kemo peke yake miezi 46.0. Ila waliofaidika ni wale ambao daktari aliweza kutoa kila kinachoonekana kwa macho, wakibakiza mabaki hakuna faida. Walichaguliwa kwa makini, upasuaji wa kwanza ulikuwa umetoa vyote, mgonjwa ana nguvu, maji tumboni hayajafika nusu lita. Vivimbe viwili kwenye nyonga, tumbo limejaa "kidogo" tu kama ulivyoandika, huyu ni mtu wa kupelekwa kwa bingwa wa upasuaji wa kansa za wanawake amwangalie kwa mikono yake. Msikawie, maji yakiongezeka mlango huo unajifunga.

Halafu kipimo cha jeni la BRCA. Kama mama ana hitilafu kwenye jeni hilo kuna vidonge vya kundi la olaparibu vinavyotumika baada ya kemo kuitikia, vinachelewesha ugonjwa kwa kiasi kikubwa. Bei yake inauma, sikufichi, lakini kama kuna hela ya kiwanja ya kutumia basi ingekuwa na maana zaidi huku kuliko kwenye sumaku ya kusafishia mfuko. Na wewe na dada zako kipimo hicho kinawahusu, hitilafu hiyo inarithiwa, mtoto ana nafasi nusu kwa nusu.

Kama baba bado moyo wake uko kwenye ile safari, usigombane naye, mzee anauza kiwanja kwa mapenzi. Mwambie yule mtu alete kwa maandishi aina ya kansa wanayodhani wanatibu, jina la daktari atakayehusika, kama hii ni sehemu ya utafiti uliosajiliwa (kwenye utafiti halali tiba inayochunguzwa kwa kawaida mgonjwa haiuziwi), wameshafanya kwa wagonjwa wangapi wa ovari na wangapi walifariki hospitalini, na sifuri yao ni kwenye seli ngapi. Mkipata majibu hayo mpelekeeni daktari wa kansa anayemtibu mama ayasome nanyi mkiwa mmekaa hapo hapo. Mkijibiwa "njooni kwanza mtaelezwa mkifika", mmeshajibiwa.

Msisubiri jibu la mtu yeyote wa mtandaoni, mimi nikiwemo, kama mama anatapika kila anachokula, au siku mbili hajapata choo wala hajatoa upepo na tumbo linauma kwa kukatakata, huo unaweza kuwa utumbo umeziba. Mguu mmoja ukivimba ghafla au akihema kwa shida, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, usiku huo huo hospitali. Akiwa kwenye kemo homa ikifika 38 msimpe panado mkalala, mpelekeni. Na kama maumivu yanamnyima usingizi ombeni timu ya tiba shufaa (ya kupunguza maumivu na mateso) sasa hivi, wakati anaendelea na kemo, morfini ya maji haimaanishi madaktari wamekata tamaa, inamaanisha mama atalala.

Wiki hii fanyeni mawili, karatasi ya majibu ya nyama na miadi ya bingwa wa upasuaji. Ukipata hiyo karatasi niandikie jina la aina ya kansa kama lilivyo, na cm za hivyo vivimbe kwenye CT, nitakwambia maswali ya kwenda nayo. Msalimie sana mama, na baba mwambie hati ya kiwanja airudishe kabatini kwanza.